Ngozi ya Mbwa Haitunzwi kwa Beseni

Katika maboma mengi ya Mabanga, kando ya barabara ya Bungoma kwenda Webuye, mbwa huogeshwa kwa sababu moja kati ya mbili: ananuka, au anajikuna usiku kucha hadi wenye nyumba wanakosa usingizi. Maji huchotwa, kipande cha sabuni ya kufulia hutafutwa, kijana mwenye nguvu humshika mbwa shingoni, na kazi hufanywa haraka kabla mnyama hajamng'ata mtu. Kwa siku mbili tatu manyoya hung'aa. Wiki ikiisha mbwa anajikuna kama awali, pengine zaidi, na watu husema hakusuguliwa vya kutosha. Safari ijayo sabuni huwa kali zaidi. Nadhani kosa liko mwanzoni kabisa. Kumwogesha mbwa mwili mzima ni tiba ya maradhi fulani ya ngozi, na inafaa ipimwe na kuelekezwa kama tiba nyingine yoyote. Usafi wa kila siku ni jambo jingine, nao hutegemea mkono unaomchana mbwa, mahali anapolala na sahani anayolia.

Tuanze na ngozi yenyewe, kwa maana wengi humwogesha mbwa kana kwamba ngozi yake ni kama ya binadamu. Sivyo. Tabaka la juu la ngozi ya mbwa lina safu 3 hadi 5 tu za chembe hai, ilhali la binadamu lina 10 hadi 15. Mbwa hana jasho la mwili kama letu. Tezi za jasho za kumpoza ziko kwenye nyayo, na joto lake jingi hulitoa kwa kuhema. Kwa hiyo lile chumvichumvi la jasho ambalo sisi huliosha kila jioni, yeye hanalo. Alicho nacho ni mafuta yanayotoka kwenye tezi zilizo kandokando ya mashina ya manyoya. Mafuta hayo huzuia maji ya mvua yasifike ngozini haraka, huzuia ngozi isikauke, na huwabana bakteria na kuvu wanaoishi hapo siku zote bila kuleta madhara. Chembe za juu hufa na kudondoka zenyewe, na katika muda wa wiki 3 hivi tabaka zima huwa limejifanya upya. Ngozi ya namna hii hujisafisha ikipewa nafasi. Kazi ya mwenye mbwa ni kuisaidia itawanye mafuta yake na kuondoa kinachoganda juu yake.

Sabuni ya kipande hufanya kinyume. Sabuni nyingi za kufulia zina kiwango cha alkali cha pH 9 hadi 10, wakati ngozi ya mbwa iko karibu na 7, mahali ambapo hakuna uchachu wala alkali. Ile ngozi nyembamba ikipakwa sabuni hiyo, mafuta huyeyuka yote kwa mara moja, mba hutokea, na mwasho huanza upya hata kama viroboto wote wamekufa. Poda ya kufulia ni mbaya zaidi kwa sababu masalia yake hubaki kati ya manyoya, kisha mbwa huyalamba. Hali ya hewa nayo inaongeza tatizo. Eneo hili hupata zaidi ya milimita 1,200 za mvua kwa mwaka, na ukipanda kwenda Kitale uko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, ambako jioni ya Julai ni ya baridi hasa. Mbwa aliyeloweshwa saa kumi na moja jioni, akafungwa nyuma ya jiko bila kukaushwa, atalala na unyevu hadi asubuhi. Unyevu uliofungiwa chini ya manyoya ndio unaozaa vidonda vya majimaji vinavyonuka, hasa kwa mbwa wa manyoya mazito, wale wa asili ya Kijerumani wanaofugwa mijini Bungoma na Kitale. Mtoto wa mbwa anaweza hata kufa kwa baridi.

Sasa mkono. Mbwa wa kienyeji wa manyoya mafupi anahitaji kuchanwa mara mbili au tatu kwa wiki, dakika kumi kila mara, na burashi yoyote ya nywele ngumu inatosha, hata ile ya kufulia iliyochakaa mradi iwe safi na kavu. Kwanza unapitisha vidole kinyume cha manyoya, kutoka mkiani kwenda shingoni, ili mba, vumbi jekundu na mbegu za majani zinyanyuke. Kisha burashi inafuata mwelekeo wa manyoya, polepole, na hapo ndipo mafuta ya karibu na ngozi huvutwa hadi kwenye ncha. Tope la shambani halioshwi likiwa bichi. Liache likauke, litaondoka lenyewe kwa burashi. Penye uchafu ulioganda, kama kwapani, tumboni, kati ya vidole na chini ya mkia, tumia kitambaa kilicholowekwa kwenye maji ya uvuguvugu kikakamuliwa, bila sabuni, halafu pakaushe kwa kitambaa kingine. Mbwa akinyeshewa, msugue kwa gunia kavu kabla hajaenda kulala. Kuna wanaopendekeza kumnyunyizia unga wa mahindi ili unyonye mafuta na harufu. Siukubali ushauri huo kwa boma la hapa: unga huo hubaki ndani ya manyoya, hushika unyevu, na huwaita sisimizi na panya mahali mbwa anapolala.

Wakati mkono unapita, jicho linakagua. Masikio yafunguliwe na kunuswa. Sikio zima halina harufu kali wala nta nyeusi. Ukanda wa shingoni uvuliwe. Mbwa wengi wanaofungwa mchana na kuachiliwa usiku hufungwa kwa kamba ya katani au waya, na chini yake manyoya hukatika, ngozi hulowa, kisha huoza taratibu bila mtu kujua kwa sababu hakuna anayeangalia hapo. Viwiko vya mbwa anayelala kwenye saruji huota sugu ambazo hupasuka. Beseni halioneshi mambo haya, kwani mwogeshaji ana haraka, mbwa ana hofu, na povu limefunika kila kitu.

Pingamizi la kwanza na zito ni la viroboto. Watu husema burashi haiui kiroboto, na ni kweli. Lakini maji nayo hayawaui wengi, na hata yangewaua, wale unaowaona mwilini ni sehemu ndogo ya wote walioko bomani. Kiroboto anayemsumbua mbwa mara nyingi ni yuleyule anayejulikana kwa wataalamu kama kiroboto wa paka. Jike lake linaweza kutaga mayai 40 au zaidi kwa siku, na mayai hayo hayana gundi. Huteleza na kuanguka pale mbwa anapolala. Huko chini yanaanguliwa kuwa mabuu wanaokula kinyesi kikavu cha wazazi wao, kisha hujifungia ndani ya vifukofuko ambamo wanaweza kukaa miezi wakisubiri mtikisiko au joto la mnyama. Katika joto la kawaida, yai huwa kiroboto kamili kwa wiki 3 hivi. Unaweza kumwogesha mbwa Jumamosi, na Jumapili usiku akapandwa na kizazi kipya kilichotoka kwenye gunia lake mwenyewe. Kwa hiyo gunia ndilo la kuoshwa: kila wiki, kwa maji yanayochemka, kisha lianikwe juani kutwa nzima. Sakafu ya kibanda ifagiliwe hadi kwenye pembe, takataka zichomwe, nyasi za kulalia zibadilishwe. Mwenye kushuku kama mbwa wake ana viroboto achane manyoya ya mgongoni karibu na mkia juu ya kitambaa cheupe kilicholowa. Chembe nyeusi zikianguka na kuacha madoa mekundu kwenye kitambaa, hilo si vumbi. Ni damu ya mbwa iliyopita tumboni mwa kiroboto.

Kupe wanahitaji maneno zaidi, kwa kuwa hapa ndipo madhara makubwa hufanyika kwa nia njema. Yule kupe wa kahawia anayependa mbwa hutaga mayai elfu kadhaa kwenye nyufa za kuta, na ndiye anayeambukiza maradhi ya damu yanayomfanya mbwa akonde, atoke damu puani na kufa. Dawa yake ya kwanza ni kukandika nyufa za kibanda na kufyeka nyasi zinazokizunguka. Ya pili ni kumkagua mbwa kila jioni, masikioni, kati ya vidole, kwapani na chini ya mkia, na kumng'oa kupe kwa kibanio kilichomshika karibu kabisa na ngozi, ukivuta moja kwa moja bila kumminya tumbo. Mafuta ya taa na kiberiti havifai. Vinaichoma ngozi na kumfanya kupe atapike ndani ya kidonda. Lakini kinachotokea mara nyingi ni kwamba mbwa humwagiwa dawa ya ng'ombe. Nchi hii ni ya ng'ombe, na watu wamezoea josho. Baada ya serikali kupunguza huduma zake katika miaka ya 1980 na 1990, majosho mengi ya umma yalikufa na kila mfugaji akabaki na pampu yake ya mgongoni na chupa kutoka duka la agroveti. Chupa hiyo ina vipimo vya ng'ombe. Baadhi ya dawa hizo ni za jamii ya oganofosfati, na mbwa, ambaye hujilamba mwili mzima baada ya kulowa, huinywa. Mate humtiririka, misuli humtetemeka, na asipopata tiba haraka hufa. Hata amitrazi, ambayo madaktari wa mifugo wamewahi kuitumia kwa mbwa wenye upele, ina kipimo chake na haikadiriwi kwa kifuniko cha chupa. Oili chafu ya gari, ambayo bado inapakwa mbwa wenye ukurutu katika sehemu nyingi za Kenya, haina kipimo salama hata kimoja.

Kuna mdudu mwingine ambaye magharibi mwa Kenya tunamjua vizuri mno: funza. Aliletwa Afrika kutoka Amerika ya Kusini, na kufika kwake Angola mwaka 1872 ndani ya mchanga wa meli iliyotoka Brazili kumeandikwa. Kabla ya karne hiyo kwisha alikuwa amevuka bara hadi pwani yetu. Kampeni za funza huzungumzia miguu ya watoto na wazee, na ni haki. Hata hivyo, utafiti uliofanywa katika vijiji vya Busoga, ng'ambo ya mpaka nchini Uganda, ulionyesha kwamba nguruwe, wakifuatwa na wanyama wengine wa nyumbani wakiwemo mbwa, hubeba funza na kurudisha mayai yake kwenye vumbi la uani. Mbwa anayechechemea asubuhi, au anayelamba unyayo mmoja muda wote, akaguliwe kati ya vidole kabla hajadhaniwa kuwa amechomwa na mwiba. Kuogesha mgongo wake hakumsaidii kitu. Kinachosaidia ni kuosha nyayo peke yake, kumwonyesha mtaalamu, na kuimwagia sakafu ya vumbi maji au kuisiriba.

Nimesema juu ya sahani, na hapa naona uzembe mkubwa kuliko wote. Inakadiriwa kwamba robo hadi karibu theluthi ya protini anayohitaji mbwa kwa siku huenda kwenye ngozi na manyoya. Mbwa wa Mabanga hula ugali, na siku nyingi hula ugali peke yake, ukoko uliokwanguliwa sufuriani na kumwagiwa maji. Mahindi yana protini kidogo, tena isiyo kamili, na yana fitati ambazo hushika zinki isifyonzwe tumboni. Mbwa anayekosa zinki hupata magamba na vigaga kuzunguka macho, mdomo na nyayo, na mwenye mbwa huona uchafu, akachota maji. Anaweza kuchota hadi kisima kikauke. Tiba ni kiganja cha omena waliochemshwa, au matumbo yaliyopikwa yakaiva, vikichanganywa na ugali huohuo, pamoja na kijiko kidogo cha mafuta ya mahindi au ya alizeti ambayo yana asidi ile mbwa asiyoweza kujitengenezea mwilini. Mchuzi wenye vitunguu asipewe, kwa sababu vitunguu huharibu damu yake. Mahindi yaliyooza, yale yanayotengwa wakati wa kupukuchua na kusemwa kwamba ni ya mbwa, yatupwe. Sumukuvu iliyowaua watu 125 mashariki mwa Kenya mwaka 2004 huliharibu ini la mbwa vilevile, na mbwa mwenye ini bovu hawezi kuwa na manyoya mazuri. Matokeo ya chakula hayaonekani kesho. Yahitaji wiki 6 hadi 8, na ndiyo maana watu huiacha njia hii mapema na kurudi kwenye sabuni, ambayo angalau hung'arisha leo.

Mtu mwenye elimu ya mifugo atanikatiza hapa na kusema kwamba madaktari wa ngozi huagiza mbwa aogeshwe, wakati mwingine kila wiki. Yuko sahihi. Mbwa mwenye kuvu iliyozidi, anayenuka kama kitu kilichochacha na ngozi yake imekuwa nyeusi na nene kama ya tembo, anahitaji kuogeshwa kwa dawa, na vivyo hivyo mwenye vipele vya usaha. Lakini tazama jinsi tiba hiyo inavyofanywa: kwa shampuu ya mbwa yenye dawa kama klorheksidini, iliyoachwa mwilini dakika 10 zilizopimwa kwa saa, kisha ikasuuzwa mpaka maji yatoke safi na mbwa akakaushwa. Ukiisuuza baada ya dakika 2 umepoteza fedha. Upele unaosababishwa na utitiri, ambao aina yake moja humrukia binadamu na kumpa mwasho wa siku kadhaa, siku hizi hutibiwa zaidi kwa dawa za kumeza au sindano. Aivamektini, dawa ambayo waliogundua asili yake, William Campbell na Satoshi Ōmura, walipata Tuzo ya Nobel mwaka 2015, ni mojawapo. Nayo ikitolewa kwa makadirio kutoka kwenye chupa ya ng'ombe inaweza kumlaza mbwa asiamke, hasa wale wa ukoo wa mbwa wachunga kondoo kutoka Ulaya, ambao baadhi yao wana kasoro ya kurithi inayoiruhusu dawa kuingia ubongoni. Kwa hiyo pingamizi hili linaithibitisha hoja. Kuogesha kunakofanya kazi ni kule kulikopimwa kufuatana na ugonjwa uliotambuliwa, na sabuni ya kipande haimo katika hesabu hiyo. Mbwa waliopakwa mafuta, rangi au dawa ya shambani nao waoshwe mara moja, bila mjadala, kabla hawajajilamba.

Kuhusu harufu nitasema kwa ufupi. Mbwa mzima mkavu hanuki sana. Akinuka ghafla, chanzo huwa masikio, meno, tezi zilizo pembeni mwa njia ya haja kubwa, au kidonda kilichofichwa na manyoya, na maji ya mwili mzima hayafiki hata kimoja kati ya hivyo. Wasomaji Waislamu, wa mjini Bungoma na wa pwani, wana suala lao la najisi, nalo si dogo. Katika madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na wengi Afrika Mashariki, najisi ya mbwa huhama kwa unyevu, na kilichoguswa nayo huoshwa mara saba, moja kati yake kwa udongo. Kikavu kikigusa kikavu, najisi haihami. Kwa mfugaji wa mbwa wa ulinzi anayeshika mafundisho hayo, kuchana kwa burashi kavu yenye mpini mrefu kuna unafuu ambao beseni la povu, linaloruka hadi kwenye nguo na ukuta, haliwezi kuwa nao.

Limebaki pingamizi la muda, na ndilo linalosemwa kwa sauti kubwa: mbwa ni wa kulinda, nani ana nafasi ya kumchana wakati mahindi yanangoja kupaliliwa? Hesabu yenyewe si ngumu. Dakika kumi mara tatu kwa wiki ni nusu saa. Kumwogesha mbwa mmoja huchukua karibu muda huohuo, watu wawili, na ndoo tatu nne za maji ambayo mara nyingi yamebebwa kichwani na mama au msichana kutoka mtoni au kisimani. Katika Januari na Februari, vyanzo vinapopungua, ndoo hizo zina thamani nyingine kabisa. Kumchana mbwa kunaweza kufanywa na kijana wa shule jioni, chini ya uangalizi wa mkubwa, mradi mbwa awe amezoezwa tangu utotoni na mikono ioshwe baadaye.

Na mazoea hayo yana faida inayovuka ngozi. Kenya ilijiwekea mpango wa kutokomeza vifo vya kichaa cha mbwa miongoni mwa binadamu kati ya 2014 na 2030, na karibu visa vyote vya ugonjwa huo kwa watu hutokana na kuumwa na mbwa. Shirika la Afya Duniani linasema ni lazima asilimia 70 ya mbwa wachanjwe ili ugonjwa ukatike. Tangu ugatuzi uanze mwaka 2013, huduma za mifugo na hata utoaji wa leseni za mbwa ni kazi ya kaunti. Lakini siku chanjo inapofika kijijini, kikwazo mara nyingi ni kumshika mbwa: yule ambaye hajaguswa na mtu ila kwa kufungwa kamba, kupigwa au kutumbukizwa kwenye maji baridi hukimbilia kwenye mahindi akiona mkono, na timu inaondoka bila kumchanja. Aliyezoea kupapaswa masikio na shingo kila baada ya siku mbili husimama tuli, mwenyewe akimshika kichwa, na sindano inaingia.